Jambia la kale la fedha: kulisoma, kulipima, kulisafisha na kulihifadhi

Jambia la babu hutolewa sandukuni siku mbili kabla ya harusi, likakutwa jeusi, na mtu mwenye nia njema akalichukua uani kulisugua kwa ndimu na majivu. Siku ya harusi linang'aa. Baada ya mwaka nyuzi za ala zimeanza kukatika, ngozi imekakamaa, ubapa umeshika kutu kwa ndani na mpini unacheza. Aliyelisafisha huwa amekwisha kusahau, na lawama zote hubebwa na uzee wa jambia.

Kosa ni kudhani kwamba jambia ni fedha tupu. Chini ya ile fedha kuna ala ya mti. Mti umevikwa ngozi au kitambaa. Ngozi imetariziwa nyuzi za fedha. Mpini ni pembe au mti uliofunikwa kwa bati jembamba la fedha, na chuma cha ubapa kimeshikizwa ndani yake kwa utomvu ulioyeyushwa ukaganda. Hawa wote wanaishi nyumba moja na hawapatani. Dawa inayoifaa fedha huila ngozi, maji yanayoondoa vumbi kwenye nakshi hunywewa na mti na kukitia chuma kutu, na moto unaonyoosha fedha iliyobonyea huyeyusha utomvu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inaanza na swali lilelile: ninapogusa kitu hiki, jirani yake atapata nini?

Nitazungumzia zaidi jambia la Kiomani, kwa kuwa ndilo lililoenea Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na ndilo ambalo familia nyingi za pwani bado zinalo. La Yemeni nitaligusa kwa kulinganisha tu. Mwenye mrashi, chetezo, mitali au kibweta cha hirizi cha fedha anaweza kuzitumia sehemu za kupima na kusafisha. Kazi yake ni nyepesi zaidi, maana huko hakuna ngozi wala uzi.

Kabla hujaligusa

Tandika shuka nene la pamba mezani, karibu na dirisha. Vua pete na saa. Vaa glavu za nitrili, zile za buluu wanazotumia wauguzi, si za mpira wa kawaida, kwani mpira una salfa na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Huna glavu? Nawa mikono, ikauke kabisa, na ushike sehemu za mti na ngozi kuliko fedha. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole inaweza kujichora kwenye fedha ikadumu miaka.

Piga picha kabla ya lolote: mbele, nyuma, juu ya mpini, ncha ya ala, kila pete, kila mahali palipopasuka. Weka rula pembeni ili vipimo vionekane. Picha hizi zina kazi tatu. Zitakuonyesha kama kuna kitu kimedondoka wakati wa usafi, zitakuwa ushahidi likiibiwa, na zitakuwezesha kumwonyesha mjuzi bila kulibeba jambia lenyewe mitaani.

Lipitie sasa kutoka juu kwenda chini. Mpini wa Kiomani huwa na kichwa bapa kilichopanuka pande mbili, mfano wa herufi T, na mara nyingi una maua mawili ya fedha usoni. Unafuata mdomo wa ala na kifua chake, bamba pana la fedha lenye nakshi nyingi kuliko mahali pengine popote. Chini yake kuna pete zinazoshika mkanda, aghalabu 4 au 7. Halafu ala yenyewe, iliyofunikwa kwa nyuzi za fedha au ngozi iliyotariziwa, na mwisho kofia ya ncha. Geuza nyuma, sehemu wanayoisahau wengi. Huko fundi huwa hakuweka nakshi, na hapo ndipo unapoona mishono, viraka, jina la fundi kama lipo, na pengine nafasi ya kisu kidogo kinachochomekwa mgongoni mwa ala. Hicho kisu kidogo hupotea kuliko kitu kingine chochote. Ukikikuta, ni bahati yako.

Kulichomoa bila kujikata

Usiishike ala katikati. Mshono wa ngozi uliochakaa unaweza kuachia, na makali yakapita pembeni hadi kwenye kiganja. Shika kifua cha ala kwa mkono mmoja, vidole vikiwa nje ya ukingo, shika mpini kwa mwingine, kisha uvute polepole ukifuata mpindo. Ubapa haupindi kama ala yake: ala ya Kiomani hukunjika karibu pembe mraba, lakini ubapa huishia mapema, na ile sehemu ya chini ni tupu. Kwa hiyo usitafute kuuzungusha.

Likigoma, acha. Usipindishe mpini kulia na kushoto, kwani kinachoachia kwanza ni ule utomvu unaoshika ubapa. Liweke mahali pakavu penye hewa kwa siku kadhaa, mti usinyae kidogo, ndipo ujaribu tena. Kumwaga mafuta ndani ya ala ni kosa: mafuta hayatoki tena, hulainisha utomvu, hutia ngozi madoa na hukusanya vumbi. Ambalo halitoki kabisa, libaki hivyo. Jambia lililokwama ni afadhali kuliko jambia lililovunjika.

Limetoka wapi

Mpindo wa ala ndio ushahidi wa haraka. Ya Kiomani imekunjika kwa pembe, na ukitaka mfano wa kukumbuka tazama bendera ya Oman ya tangu 1970: kwenye pembe yake kuna jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Ya Yemeni nyingi zina umbo la herufi J, ncha imerudi juu, na hukaa wima kwenye mkanda mpana uliotariziwa.

Ndani ya Oman kwenyewe kuna koo. La Nizwa ni kubwa na zito. La Sur ni dogo, jepesi, na ala yake huwa na ngozi nyingi kuliko bamba la fedha, jambo linaloeleweka kwa mji wa mabaharia. La Saidi, lenye jina la ukoo wa masultani, linajulikana kwa mpini uliovikwa fedha yote, wenye umbo la kupambwa lisilofanana na ile T ya kawaida, na kwa kawaida pete 7. Masimulizi ya Oman yanasema mtindo huo wa mpini ulibuniwa na mmoja wa wake wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyetawala kuanzia 1806 hadi kufa kwake 1856 na kuufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Familia nyingi za pwani hupenda kusema lao ni la Saidi. Hesabu pete, tazama mpini, ndipo ukubali.

Ukiwa Mombasa, ingia Nyumba ya Kiomani ndani ya Fort Jesus; ukiwa Lamu, nenda Makumbusho ya Lamu. Nusu saa mbele ya kabati la vioo la makumbusho inafundisha jicho kuliko picha mia za simu. Ustadi wa kulitengeneza na desturi za kulivaa ziliingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya turathi zisizoshikika, kwa jina la Oman.

Je, ni fedha?

Fedha nyingi ya majambia ya karne ya 19 ilitoka kwenye sarafu. Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo Zanzibar na Bahari ya Hindi yote ya magharibi ilifanyia biashara, ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na sehemu 833 kati ya 1000 zilikuwa fedha safi. Iliyobaki ni shaba. Mteja alimletea mfua fedha riale zake, zikayeyushwa mbele yake. Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, usishangae kuona kutu kidogo ya kijani kwenye fedha ya kweli, maana ndani yake mna shaba. Pili, riale iliyoning'inizwa kwenye mkanda au kidani haikupi umri wa kitu: karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata zile zilizopigwa katika karne ya 20.

Anza na vipimo visivyoacha alama. Lete sumaku: fedha haivutwi. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa. Isipovutwa bado hujui kitu, kwa kuwa shaba, risasi na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo kwa kawaida hazivutwi. Tazama kwa kioo cha kukuzia pale palipolika: ukingo wa kofia ya ncha, mashimo ya pete, kona za mdomo wa ala. Kilichochovywa maji ya fedha hufichua wekundu au unjano mahali hapo. Fedha ya kweli iliyolika ni nyeupe hadi ndani.

Mihuri isikupumbaze. Fundi wa zamani wa Oman au wa Unguja kwa kawaida hakupiga namba yoyote. Ukiona 925 kwenye jambia linalosemwa ni la miaka mia mbili, uliza maswali. Jina la Kiarabu lililochorwa kwa mkono nyuma ya kifua ni dalili nzuri zaidi. Upande wa Yemen, mafundi fedha wengi walikuwa Wayahudi wa San'a na vijijini, na baadhi yao walipiga mihuri yao; wengi wao walihama nchi mwaka 1949 na 1950, kwa hiyo muhuri wa namna hiyo husaidia kuweka tarehe.

Kipimo cha barafu kinachozunguka mitandaoni, eti fedha huyeyusha barafu mara moja, hakina maana hapa. Bati jembamba juu ya mti halina wingi wa kutosha kuonyesha chochote, na umelimwagia ala maji bure. Kupima uzito ndani ya maji ndiyo usithubutu kabisa.

Ukihitaji uhakika, mwendee sonara mwenye jiwe la kupimia. Mwombe asugue nyuma, sehemu isiyo na nakshi, na tone la tindikali liwekwe kwenye jiwe, si kwenye jambia. Wengine sasa wana mashine ya eksrei inayosoma madini bila kugusa. Kama ipo karibu, hiyo ndiyo bora. Na usikubali lipimwe kwenye mizani na kuthaminiwa kwa gramu. Mizani inapima mti, chuma na ngozi pamoja, na hata ungeitoa fedha peke yake, bei ya fedha ya kuyeyusha ni sehemu ndogo ya thamani ya kazi ya mkono. Majambia mengi mazuri yamemalizikia kwenye kalibu ya sonara kwa hesabu hiyo mbovu.

La kale, au la kuuzia wageni?

Hapa unahitaji subira. Mkono haurudii: chora mstari wa patasi mara ishirini, kila mmoja utakuwa na kina chake. Kwa kioo cha kukuzia linganisha maua mawili ya mpini. Yakiwa sawasawa hadi kwenye kasoro, yametoka kwenye kalibu moja. Kazi ya kufua kutoka nyuma huacha kingo kali na nyuma yake huwa na mabonde. Ya kumimina huwa na kingo zilizolainika na vitundu vidogo vya hewa. Kwenye kazi ya nyuzi na punje, tazama punje zilivyoshikana na bamba. Fundi mzuri huzishika bila lehemu kuonekana, wa haraka huacha uji wa kijivu umejaa katikati.

Uchakavu nao uwe na sababu. Jambia lililovaliwa limelika upande wa mpini unaogusa tumbo na mkono, mashimo ya pete yamevutika kuwa marefu kuelekea mkanda unakovuta, na vilele vya nakshi vimelainika huku mabonde yakibaki makali. Jambia lililozeeshwa dukani limelika kila mahali sawa, hata mahali ambapo mkono haufiki. Weusi wake pia hudanganya: chukua kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, gusa sehemu iliyofichika. Kijiti kikitoka na harufu ya rangi ya viatu, umepata jibu.

Tazama skrubu. Zenye kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930, hivyo zikiwa kwenye mpini zinasema kuwa angalau ukarabati ni wa baada ya hapo. Unyuzi uliokwisha kudondoka wenyewe unaweza kuuchoma: wa nailoni hujikunja na kuwa kishanga kigumu, wa hariri hunuka nywele zilizoungua, wa pamba hunuka karatasi.

Tofautisha udanganyifu na maisha. Ubapa mpya kwenye mpini wa zamani ni kawaida, kwa kuwa chuma huisha kabla ya fedha, na mtu aliyerithi jambia alibadilisha kilichoharibika. Vivyo hivyo mkanda, ambao huoza kwanza. Ninachokiita udanganyifu ni mpini wa Yemeni uliobandikwa kwenye ala ya Kiomani wiki iliyopita na kuuzwa kwa jina la sultani. Kipimo chake ni mdomo wa ala: mpini na ala vilivyoishi pamoja vinakutana bila pengo, na vimeachiana alama.

Mpini, pembe na sheria

Usipite haraka hapa, kwa sababu unaweza kujikuta mahakamani kwa kitu ulichorithi. Mipini ya zamani iliyothaminiwa sana ilikuwa ya pembe ya faru, na mingine ya pembe ya ndovu. Katika miaka ya 1970 mahitaji ya mipini ya Yemen yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuuawa kwa faru wa Afrika Mashariki. Biashara ya kimataifa ya pembe ya faru ilizuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1977, na ya ndovu wa Afrika ikafuata kwa uamuzi wa 1989.

Kwa kioo cha kukuzia, pembe ya faru huonyesha nyuzi nyembamba zilizolala pamoja. Ukitazama mwisho wake uliokatwa unaona vidoadoa vilivyosongamana, na ukiushika mbele ya mwanga kingo huonyesha rangi ya asali. Pembe ya ng'ombe au nyati ina tabaka, haina vidoa. Ya ndovu, kwenye mkato wake, ina mistari inayopishana na kufanya vialmasi vidogo. Plastiki haina kitu, isipokuwa mstari wa kalibu ubavuni. Mpini wa msandali unajulikana kwa harufu ukiupashia joto la kiganja. Usichome sindano ya moto kama wanavyoshauri baadhi ya wauzaji, shimo halifutiki.

Ukishuku faru au ndovu, usiliuze, usilinunue, usilisafirishe hata kumpelekea ndugu ng'ambo. Kenya ina sheria ya wanyamapori ya 2013 na Tanzania ina ya 2009, na zote zina kifungo ndani yake. Kabla ya lolote, pata ushauri wa wakili au wa ofisi ya wanyamapori kuhusu kulisajili.

Usafi wa fedha

Jiulize kwanza kama unahitajika. Weusi ulio kwenye mabonde ya nakshi ndio unaoifanya nakshi ionekane, na mnunuzi mjuzi huutafuta. Tena kuna weusi uliowekwa na fundi kwa makusudi: unga wa fedha, shaba, risasi na salfa ulioyeyushwa ndani ya michoro. Huo ni pambo. Kikemikali hautofautiani sana na weusi wa uchafu, wote ni fedha iliyoungana na salfa, na hiyo ndiyo sababu dawa yoyote inayoyeyusha uchafu huyeyusha na pambo. Dawa za kuchovya, na ile njia ya karatasi ya alumini na magadi kwenye maji ya moto, zinafaa vijiko vya chakula. Kwa jambia ni maangamizi mara mbili: zinafuta weusi wa fundi na zinalilowesha jambia zima.

Katika orodha ya vilivyokatazwa weka pia ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, msasa na dawa za chupa za kung'arishia shaba. Tindikali ya ndimu huingia kwenye mshono na kuendelea kula chuma na ngozi wiki nyingi baada ya wewe kuridhika. Dawa ya meno na majivu hukwaruza. Kila msuguo unaondoa fedha kidogo, na bamba la kifua lililosuguliwa kila Idi kwa vizazi vitatu huwa limebaki bila vilele.

Njia ninayoipendekeza ni ya polepole. Anza na vumbi. Brashi laini ya nywele za mnyama, ya wachoraji, ikipelekwa upande mmoja tu. Kwenye nyuzi za fedha na zari, weka kipande cha chandarua juu ya mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, nguvu iwe ya chini, uishike sentimita moja au mbili juu ya nyuzi huku ukipiga brashi taratibu. Hapo ndipo usafi wa nyuzi unapoishia. Uzi wa fedha ni utepe mwembamba wa fedha uliozungushwa juu ya uzi wa hariri au pamba. Ukiusugua unaukata, ukiulowesha unaoza ndani. Uache mweusi. Hata makumbusho makubwa huuacha.

Kwa fedha ya bamba, futa mafuta ya mikono kwanza kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, ukikiviringisha badala ya kukisugua, na ukikitupa kila kinapochafuka. Usiguse ngozi, kitambaa wala mpini wa pembe. Spiriti huzikausha na kuyeyusha utomvu na lakiri. Mara nyingi hatua hii peke yake inatosha, na jambia hupata nuru ya kijivu ya fedha kongwe ambayo binafsi naiona nzuri kuliko mng'ao wa dukani.

Bado unataka zaidi? Funika ngozi na nyuzi zote kwa karatasi ya nailoni ya jikoni. Chukua unga wa chaki laini kabisa, ule wa dukani mwa dawa, si chaki ya ubaoni ambayo mara nyingi ni jasi yenye chembe. Changanya na matone ya maji yaliyotoneshwa hadi uwe uji mzito. Ukinunua maji hayo kituo cha mafuta kwa jina la maji ya betri, soma chupa mara mbili, maana tindikali ya betri nayo huuzwa rafu hiyohiyo. Gusa kwa kijiti cha pamba vilele pekee, kwa miduara midogo, eneo la ukubwa wa ukucha kwa wakati mmoja. Mabonde uyaache. Futa kwa kijiti chenye maji hayo, halafu kwa chenye spiriti, kisha kausha kwa kitambaa laini kabla hujahamia eneo lingine. Unga mweupe ukibaki ndani ya nakshi utaganda na kuonekana vibaya kuliko weusi ulioutoa, kwa hiyo uondoe ukiwa bado mbichi.

Kutu ya kijani ikijitokeza pale fedha inapokutana na ngozi, ing'oe kwa kijiti cha mianzi kilichochongwa, kikavu. Ni mafuta ya ngozi yaliyoungana na shaba. Hutoka kama nta. Nawa mikono ukimaliza, kwani kazi za zamani zina risasi.

Ubapa

Kuna rangi mbili za kutu. Nyeusi au ya kahawia iliyotulia ni ngozi ya chuma, inakilinda, iache. Nyekundu ya unga inayobaki kidoleni ndiyo mbaya. Iondoe kwa tone la mafuta ya cherehani na pamba ya chuma iliyo laini kuliko zote, kwa kufuata urefu wa ubapa na kamwe si kwa kukingama. Mafuta yasifike kwenye shingo ya mpini. Futa yote, kisha paka nta safi nyembamba. Usilinoe. Makali ya jambia la kale yaliyonolewa upya humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei, na hukata ala kutoka ndani.

Kuhifadhi pwani

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na masika ndiyo miezi ya hatari. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 55 ndani ya sanduku. Kipimo kidogo cha unyevu kinasaidia, na vifuko vya silika jeli vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vinatosha ukivikausha mara kwa mara.

Usiliviringe kwa gazeti, sufu wala mpira. Vyote vinatoa salfa au asidi. Tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa wanga wala sabuni yenye manukato. Sanduku la mbao mpya zinazonuka halifai kwa muda mrefu. Kama huna jingine, litandike karatasi isiyo na asidi. Vidonge vya nondo viweke mbali, mvuke wake hulainisha utomvu. Udi na ubani pia vina moshi wa mafuta unaotua kwenye nakshi, kwa hiyo jambia lisikae chumba kinachofukizwa kila Ijumaa.

Ubapa na ala ningependa vilale kando kando, kila kimoja na kitambaa chake, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma. Ukiona familia haitakubali, lichomoe angalau kila mwezi lipate hewa. Kulitundika ukutani kwa pete zake si vizuri: pete hizo zilibeba uzito kwa saa chache za sherehe, hazikutengenezwa kubeba kwa miaka.

Bwana harusi akiliazima, mkanda ufungwe juu ya kanzu na si juu ya ngozi ya mwili, marashi yapigwe kabla ya kulivaa, na likirudi lifutwe jasho usiku uleule kwa kitambaa kikavu.

Ukarabati na safari

Kilichodondoka kiweke kwenye kifuko chenye maandishi, hata kama ni punje moja. Mweleze sonara mambo mawili kabla hajawasha moto: asitumie lehemu ya risasi, na asichome chochote kabla ya kutoa mpini na mti. Risasi huishusha fedha na kuizuia isilehemiwe vizuri tena. Asiyekubali kukurudishia vipande vya zamani alivyovibadilisha, mtafute mwingine. Kwa nyuzi zilizolegea, mshono mmoja wa uzi wa hariri unaozishika mahali pake ni bora kuliko kuzifuma upya.

Kulitoa nchini kunahitaji kibali. Kenya, chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale na hakivuki mpaka bila ruhusa. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo mwaka wake wa mpaka kwa vitu vinavyohamishika ni 1863, na Zanzibar ina idara na sheria yake. Omba barua hata kama unaamini jambia lako ni changa kuliko miaka hiyo, kwa sababu afisa wa forodha hana namna ya kujua. Kwenye ndege liende mizigo ya chini, ubapa na ala vikiwa vimefungwa mbalimbali, na nakala ya kibali pamoja na picha zako viwe mkononi.